Pete Isiyovalika

Umeme umekatika, mashine yangu ya kusaga imelala, na ndoo zenu za mahindi zimepanga foleni mpaka kwenye mfereji. Hakuna anayekwenda popote. Mimi magoti yananiuma, nyinyi mmechoka kusimama, hata kuku wangu wamechoka kudonoa. Basi kaeni juu ya magunia tuchoke pamoja, niwape hadithi.

Lakini siitoi hivihivi. Kwanza, nikiuliza "Mmegusa ardhi?" mniitikie "Tumegusa, tia neno." Sababu mtaijua mbele. Pili, mwishoni nitawauliza swali, na safari hii si swali la kupitishia muda. Kuna watu watatu watakuja hapa leo kabla jua halijazama kuchukua jibu kwangu, na mimi jibu sina.

Mmegusa ardhi?

Tumegusa, tia neno.

Walikuwako watu watatu, na wapo bado, nyuma ya ukuta huu huu, ndani ya lile jengo jeupe la chuo lenye madirisha yaliyopakwa rangi nyeusi. Nyinyi mnalipita kila siku mkidhani ni mochwari. Si mochwari, ni maabara. Na wote watatu ni wapangaji wangu, wanalala vyumba vyangu vya uani, kwa hiyo haya ninayowaambia sikuyaokota njiani. Nimeyasikia kwa masikio yangu, na nisiyoyasikia nimeyauliza.

Wa kwanza ni Atuganile, binti wa Kinyakyusa wa kutoka Rungwe. Kipawa chake ni mikono. Nimemwona akitunga uzi kwenye tundu la sindano huku anagombana na mtu, na uzi ukapita mara ya kwanza. Mkono wake hautetemeki kwa njaa, kwa hasira wala kwa baridi ya huku kwetu, na baridi ya huku kwetu mnaijua.

Wa pili ni Nkwabi, Msukuma wa Bariadi, mrefu hata akiingia kwangu huinama kama anayeomba radhi. Kipawa chake ni kuchunga. Baba yake alichunga ng'ombe, yeye anachunga ubaridi. Msicheke. Nami nilicheka, nikaja kunyamaza.

Wa tatu ni Salha, wa Pangani, mwenye maneno laini kama bokoboko. Kipawa chake ni sikio: kukisikia kitu kidogo kilichozama ndani ya kelele kubwa. Mpeleke sokoni siku ya gulio, atakwambia nani kamteta nani nyuma ya vitunguu. Ndiyo maana mimi na yeye tulipatana upesi.

Walikuwa wanapika chungu kimoja. Leo Atuganile anasonga, kesho Nkwabi anaunguza, keshokutwa Salha anatia nazi hata kwenye kisichohitaji nazi. Wakila wanataniana, wakimaliza wanasinzia palepale kwenye mkeka, maana kazi yao ilikuwa inawanyonya kama kupe.

Na kazi yenyewe ilikuwa ni pete.

Si ya kuvaa. Ni pete ndogo hivi kwamba unywele mmoja wa kichwa changu ungeweza kupangiwa makumi ya pete kama hiyo kuvuka upana wake, na bado nafasi ikabaki. Imechorwa juu ya kijipande cha kitu wanachokiita nusu-kipitishi. Chuma kinapitisha umeme bila kuuliza, ubao unaukataa kabisa. Hiki kiko katikati, kinapitisha kikibembelezwa. Ndicho kilichomo ndani ya simu zenu hizo mnazochezea nikiongea.

Nilimwuliza Salha, "Sasa pete isiyoonekana ya nini, mwanangu?"

"Bibi Mashine," akasema, maana ndivyo wanavyoniita, "ukitoka hapa kwenda sokoni kuna kilima katikati. Unapita wapi?"

"Napita kwa misheni. Au napita bwawani, kama kwa misheni kuna mtu ninayemkwepa."

"Kote kuwili kwa mara moja huwezi."

"Mimi ni jini?"

"Basi elektroni, kile kipunje cha umeme, ukikipoza sana na kukitia kwenye pete yetu, kinapita njia zote mbili kwa pamoja. Kinakwenda kama wimbi la maji linalozunguka jiwe. Upande wa pili kinakutana na nafsi yake."

"Kinajisalimia?"

"Mara wanakubaliana, umeme unapita mwingi. Mara wanakataana, umeme unapungua. Ukiongeza nguvu ya sumaku polepole, wanakubaliana, wanakataana, wanakubaliana, wanakataana. Mstari kwenye kompyuta unapanda na kushuka kama kifua cha mtoto aliyelala. Hilo ndilo wimbi tunalolitafuta."

"Kama mimi na marehemu mume wangu," nikamwambia. "Na mkiweka mlinzi njiani, amtazame elektroni kapita upande gani?"

Salha akatikisa kichwa. "Hapo ndipo anapoharibika. Ukishajua kapita njia gani, anakuwa kama punje ya mchanga, kapita moja basi. Wimbi hulioni tena."

"Huyo ana heshima zake," nikasema. "Hata mimi sipendi kuulizwa nilikopita."

Tukacheka, nikasahau. Mtayakumbuka nyinyi kwa niaba yangu.

Mmegusa ardhi?

Tumegusa, tia neno.

Sasa mkuu wao ni Profesa Kihwele, mtu mwema, mwenye haraka, anayetembea kama suruali inamtangulia. Mikataba ya wale watatu ilikuwa inakwisha pamoja, na chuo kikampa Profesa nafasi moja tu ya ajira ya kudumu. Moja. Akawaita, akasema, "Wanangu, mimi mwenyewe nimechoka kuwaombea. Atakayeleta wimbi ndiye atakayebaki. Wawili tutaagana kwa wema." Kuagana kwa wema! Mtu anafungasha godoro, wewe unamwambia kwa wema.

Na si kwamba kuna maabara nyingine kama ile nyuma ya kilima. Atakayetoka pale anakwenda kufundisha watoto kipimajoto, au kuuza vocha.

Hapo niwape na ile habari ya ardhi. Kiangazi huku kwetu ni kikavu, na kila mtu kavaa sweta la nailoni. Ukilivua linalia tatata, nywele zinasimama. Kwako cheche ile ni mchezo. Kwa pete ile ni radi. Pete za kwanza zilikufa hivyo: mtu kaingia, kagusa kisanduku cha nyaya, tch, kwisha. Basi wakatundika ukutani waya mnene wa shaba uliozikwa ardhini, wakatunga sheria. Mlangoni mwao hodi haitoshi. Unaingia, unaushika waya ule, unasema kwa sauti, "Nimegusa ardhi." Waliomo wanajibu, "Karibu." Usiposema, hukaribishwi, hata uwe nani. Wamezoea hata kwangu wanashika komeo la mlango kabla ya kusalimia, nami mwanzoni nilidhani wananipimia kutu.

Nisikilizeni sasa nani alifanya nini, na msianze kuchagua kabla sijamaliza.

Atuganile ndiye aliyeifanya pete. Kijipande cha nusu-kipitishi kilikuwa kimebaki kimoja, kama ukucha wa kidole kidogo, na kingine hakiji. Alikichora kwa mashine inayochora kwa umeme wenyewe, kisha akakitia ndani ya dawa kali inayokula pale pasipotakiwa. Dawa ile ukiwahi kukitoa, pete haijakatika. Ukichelewa, imeliwa yote. Na siku hiyo ndiyo mdogo wake alikuwa anaolewa kwao Tukuyu. Gari lilikuja kumchukua, likapiga honi hapa getini mpaka mbwa wakachoka kubweka. Nikaenda kumwita kwa kupitia dirishani.

"Atu! Mama yako anapiga simu mpaka kwangu!"

"Mwambie kipande kimo ndani ya dawa, Bibi."

"Nitamwambiaje mama wa watu maneno hayo?"

"Mwambie hivyohivyo. Dawa haingoji mtu."

Gari likaondoka. Alipotoka jioni alikuwa ameitoa pete nzima, bila ufa, na macho yamekuwa mekundu, sijui kwa dawa, sijui kwa lingine. Watu walikwenda Tukuyu kuiona pete kwenye kidole cha mdogo wake. Yake yeye hakuna aliyeweza kuiona.

Nkwabi ndiye aliyeipoza. Pete ikiwa na joto, kila kitu ndani yake kinatikisika, elektroni anasukumwasukumwa mpaka anasahau alikotoka, na aliyesahau alikotoka hawezi kukutana na nafsi yake. Lazima ipozwe kupita barafu, kupita theluji ya Kilimanjaro, kupita hata huko juu mbinguni kusikofika jua. Kuna hewa inaitwa heliamu ndiyo inayofanya kazi hiyo, na ilikuwa imebaki ya kupozea mara moja. Ndani ya siku zile za kupoza, mchana kweupe, umeme ukakatika kama leo. Pampu ikisimama, ubaridi unatoroka kama ng'ombe walioona zizi wazi. Lakini Nkwabi alikuwa ameshajua. Alikuwa amekunywa chai na madereva wa malori ya mbao wiki nzima, mimi nikidhani ni uvivu, kumbe anawaombea betri. Umeme ulipokufa, betri za malori zikashika, pampu ikakohoa mara moja ikaendelea. Na yeye akasimama pale, mkono juu ya pampu, kama mtu anayemzalisha ng'ombe, akisikiliza kama itabadili pumzi. Chakula nilimpelekea mimi, akala kwa mkono mmoja. Alipokuja kukaa chini, miguu ilikuwa imevimba viatu havitoki.

"Nkwabi, baba," nikamwuliza, "ikipoa ndiyo inakuwaje?"

"Inanyamaza, Bibi."

"Tu?"

"Tu. Lakini ni kimya ambacho hujawahi kukisikia."

Salha ndiye aliyelisikia wimbi. Maana pete ilikuwa nzima, na ilikuwa baridi, na bado kwenye kompyuta palikuwa na mtetemo mtupu, mstari unayumbayumba kama saini yangu. Atuganile alitazama akaona mtetemo. Nkwabi alitazama akaona mtetemo. Profesa alitazama akasema, "Tumeshindwa, poleni." Salha akaketi mbele ya mtetemo ule siku baada ya siku mpaka shingo ikakakamaa. Halafu asubuhi moja nikamwona kaja hapa, kashika komeo, kakaa juu ya gunia lile ulilokalia wewe.

"Bibi Mashine, unapowasha mashine yako mstari wetu unapandwa na wazimu. Unapozima, unabaki na homa ndogo tu. Tafadhali, tuzimie asubuhi moja."

"Nizime? Na hawa watu wale unga gani?"

"Asubuhi moja tu, bibi yangu."

"Nitapata nini?"

Akatazama huku na huku. Akaninong'oneza jambo kuhusu mtu mmoja wa chuo na mjane mmoja wa mtaa huu. Sitawaambia. Lilikuwa jambo zuri, nililitafuna wiki mbili. Nikazima mashine. Mama Tumaini, wewe ulinitukana siku ile mbele ya foleni yote, usiangalie pembeni, nakumbuka.

Salha akawa anaongeza nguvu ya sumaku kidogo kidogo, kama mtu anayekoroga uji wa mgonjwa. Mstari ukapanda. Ukashuka. Ukapanda. Ukashuka. Wenzake walikuwa nyuma yake na hawakuona. Yeye ndiye aliyeweka kidole kwenye kioo akasema, "Huyu hapa. Anapumua."

Mnajua walifanya nini? Hawakuruka, hawakupiga vigelegele. Atuganile alilala sakafuni kama alivyo, na viatu. Nkwabi aliegemea pampu akafumba macho. Salha aliendelea kukoroga uji wake. Uchovu ukizidi, mwanangu, hata furaha inakuja ikikokota mguu.

Na ndipo alipoingia Profesa. Alikuwa mkutanoni, kavaa suti yake mpya ile inayong'aa, kapigiwa simu, kakimbia kutoka jengo la utawala bila kusimama. Akafungua mlango, akapita waya wa shaba kama hajawahi kuuona, akaweka mkono juu ya kisanduku cha nyaya, akauliza huku anahema:

"Nani? Nani kalileta?"

Tch.

Mstari ukalala. Nkwabi akafunga bomba la heliamu taratibu, kama anayemfumba macho maiti. Atuganile akasema kutoka sakafuni, hata hakuinua kichwa, "Profesa. Hukugusa ardhi."

Mmegusa ardhi?

Tumegusa, tia neno.

Wimbi lenyewe halikupotea. Lilishaingia kwenye kompyuta, wakubwa wa chuo wameliona wameridhika, na ile nafasi moja ipo. Lakini pete imekufa, kijipande kingine hakuna, heliamu hakuna. Mtu hawezi kusema, hebu turudie bila huyu tuone kama litakuja. Halirudiwi.

Profesa siku hizi anagusa kila kitu. Juzi nimemwona anashika bomba la maji njiani, peke yake, anasema polepole, "Nimegusa ardhi," na hakuna wa kumkaribisha. Aliwaita akawaambia, "Mkono wangu ndio ulioiua, siwezi tena kuwa hakimu. Kubalianeni wenyewe jina moja, mniletee Ijumaa asubuhi. Msipoleta, nafasi inakwenda idara ya mifugo." Na Ijumaa, kama hamjui mmechanganyikiwa na foleni, ni kesho.

Jioni ile ya kwanza walikuwa waungwana. "Mpeni Nkwabi." "Hapana, mpeni Atu." "Tuleni kwanza." Jioni ya pili nikasikia mwiko unagongwa pembeni ya chungu kwa nguvu isiyo ya kupika.

"Bila pete yangu," Atuganile alisema, "ungepoza nini, Nkwabi? Hewa?"

"Na bila ubaridi pete yako ni kokoto. Kokoto dogo."

"Kokoto lililonikosesha harusi ya mdogo wangu!"

"Kwani miguu yangu mimi iliazimwa?"

"Jamani," Salha akasema, "wimbi lilikuwa mbele ya macho yenu mkaliita mtetemo."

"Wewe ulikaa kwenye kiti, Salha," Atuganile akamjibu.

"Nilikaa kwenye kiti, ndiyo! Ningelisikiliza nimening'inia?"

"Aliyezima mashine ni Bibi. Basi tumpe Bibi nafasi."

Hilo la mwisho lilisemwa kwa kejeli, lakini niwaambie ukweli, nililifikiria kidogo.

Tangu siku hiyo uani kwangu pana vyungu vitatu. Vyungu vitatu, meko matatu, mioshi mitatu, na watu watatu wanakula wakitazama ukuta. Hata kulala mkekani hakuna, kila mtu na mlango wake. Salha alikuja kuniomba chumvi, yeye ambaye chumvi ya wenzake iko hatua moja. Akasimama na kile kijiko.

"Bibi, unakumbuka uliniuliza tukiweka mlinzi njiani inakuwaje?"

"Nakumbuka."

"Ndiyo haya."

Akaondoka na chumvi yake.

Jana wakaja wote watatu, wakashika komeo mmoja baada ya mwingine. Nkwabi ndiye aliyesema. "Bibi, tumeshindwa kukubaliana jina, lakini tumekubaliana jambo moja. Utakalotaja wewe, tutalifuata. Hujui fizikia, humpendi mmoja zaidi."

Humpendi mmoja zaidi! Mtu mzima akikusifu hivyo jua anakutwisha mzigo. Nikawaambia njooni kesho jioni. Yaani leo.

Wakaondoka, halafu wakarudi. Mmoja mmoja, kwa mlango wa nyuma, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake. Hayo ndiyo yaliyonikosesha usingizi.

Atuganile alikuja akaketi, akaweka mikono yake juu ya magoti yangu. "Bibi, mimi siwezi kujifanya. Naitaka. Mikono hii haijui kazi nyingine, na nyumbani hawanisemeshi tangu ile harusi. Nikirudi bila kazi, nitakuwa nimeikosa harusi kwa ajili ya nini?" Hakulia. Angelia ingekuwa rahisi.

Nkwabi alikuja akainama mlangoni. "Mpe Salha," akasema. Nikamtazama vizuri. "Kwa sababu anastahili, au kwa sababu unampenda?" Akashika komeo tena, ingawa alishalishika. "Bibi, mtu akichoka mambo hayo mawili hayatenganishi." Sasa semeni nyinyi: aliyeitoa haki yake kwa mapenzi, haki yake imepungua?

Salha alikuja mwisho. "Usinitaje mimi, Bibi. Nimechoka. Nataka kwenda kwetu Pangani nikalale mpaka niamshwe na njaa." Nikasema, haya, nimekusikia. Lakini hakuondoka. Alibaki pale anapangusa vumbi la unga kwenye mashine yangu kwa ncha ya kanga, anapangusa, anapangusa, mpaka ikang'aa. Na yeye ndiye mwenye sikio. Mwenye sikio hajui kwamba na sisi tunasikia?

Kwa hiyo huyo anayetaka anasema anataka. Huyo wa pili anataka kwa ajili ya mwenziwe. Huyo wa tatu anasema hataki, na mkono wake unasema lingine. Na kazi waliyoifanya, mimi nimeipima kwa kila kibaba nilichonacho, haizidiani. Bila mikono hakuna pete. Bila ubaridi pete ni kokoto. Bila sikio wimbi ni mtetemo. Nikiwaza kutotaja mtu yeyote, nirudishe chungu kimoja uani, basi nafasi inakwenda kwa ng'ombe na wote watatu wanafungasha. Watakuwa marafiki, ndiyo, lakini marafiki njiani, kila mmoja na basi lake. Nikitaja mmoja, atabaki na kazi, na atakula peke yake akitazama ukuta maisha yake yote.

Na msiniambie wagawane. Kiti kimoja hakigawanywi, kikikatwa ni kuni.

Ngojeni. Taa hiyo imewaka. Kaeni chini! Rudisha ndoo chini, Mama Tumaini, sijawasha bado. Nikiwasha mashine sitamsikia mtu, na mkishajaza ndoo zenu mtaondoka na majibu yenu mdomoni, mkaanze kunisengenya mbele ya safari kwamba Bibi Mashine kaamua vibaya.

Shh. Mmesikia? Komeo.

"Nimegusa ardhi," anasema Nkwabi, kainama mlangoni, na wale wawili wako nyuma yake, hawaangaliani.

Karibuni, wanangu. Karibuni mkae, kila mtu atafute gunia lake.

Haya nyinyi wenye ndoo. Mkono wangu uko kwenye swichi, na kiti ni kimoja. Mmegusa ardhi? Basi nitajieni jina, au niambieni ninyamaze: mngekuwa mimi, mngemtazama nani machoni?